Moto wa Mama Mkwe

Mama mkwe wangu hakunipenda, nami sikumpenda. Nalisema hili mapema ili asije mtu akadhani namtetea marehemu kwa sababu ya mapenzi. Yeye aliniona mvivu mwenye mdomo mrefu, mtoto wa Makere aliyezoea barabara na kelele, nisiyejua kuishi kwenye vilima vya Kibondo kama mke wa mtu. Mimi nilimwona mchoyo wa maneno. Nikipika maharage alikuja akafunua chungu, akatazama, akafunika, akaenda zake bila kusema kitu. Afadhali angetukana, maana tusi lina jibu.

Kabla ya vijiji tuliweza kuvumiliana kwa kuwa mahali palikuwa papana. Kila mji ulikaa peke yake ndani ya migomba yake, na jirani ulimjua zaidi kwa moshi wake kuliko kwa uso. Uchawi ulikuwepo, nani atabisha? Bibi yangu mzaa mama alinisimulia habari za wanawake wa enzi za mwami, mtawala wetu wa zamani, waliosindikizwa hadi mtoni, wakavushwa, wakaambiwa wasirudi. Karibu wote walikuwa wajane, na karibu wote walikuwa na ulimi mkali au hawakuwa na ulimi kabisa. Lakini mambo ya namna hiyo hayakutokea kila mwaka. Mtu akimshuku mwenzake, mara nyingi alibomoa nyumba yake, akavuka bonde, akajenga ng'ambo. Hofu ilikwisha kwa miguu.

Halafu ikaja operesheni ya vijiji, miaka ile ya sabini, tukaambiwa tutoke vilimani tukakae pamoja kwenye mistari ya nyumba. Tangazo lilikuja wakati wa kiangazi, lakini lori la kwetu lilifika mvua zimekwisha kuanza. Mume wangu alipakia majembe, mitungi na mlango. Mimi nilikuwa na mtoto mchanga mgongoni. Mama mkwe hakupakia chochote. Alikaa kwenye kona ya lori amepakata chungu kilichovunjika mdomo, na ndani yake kulikuwa na makaa ya moto aliyoyafukia kwa majivu na mavi makavu ya ng'ombe.

Dereva alipomwona alipiga kelele. "Bibi, utatuchoma sote!"

"Endesha gari, mwanangu," akamjibu. "Huu nimeuzoea kuliko wewe ulivyozoea usukani."

Moto ule alikuwa amepewa na mama mkwe wake siku alipoolewa, na hakuwahi kuuacha ufe. Usiku aliufukia, asubuhi aliufukua. Nilikuwa nikimcheka kwa sababu hiyo, maana kwetu Makere kiberiti kilipatikana dukani, nikaona ni ushamba tu.

Tulishushwa mahali penye matete na vigingi vya miti vilivyopangwa kwa kamba. Kigingi hiki mpaka hiki nyumba yako, kigingi hiki mpaka hiki nyumba ya mtu usiyemjua, aliyetoka kilima ambacho hujawahi kukanyaga. Mvua ilikuwa inanyesha ile ya manyunyu, isiyo na haraka. Kila aliyekuwa na kiberiti alikuta kimelowa. Watoto walilia kwa baridi, wanaume walisugua njiti mpaka zikawa tope, na jioni ilikuwa inaingia.

Mama mkwe akapiga magoti chini ya mkeka tulioushika mimi na mume wangu. Akafukua, akapuliza taratibu, akaongeza nyasi alizokuwa amezificha kifuani zisilowe. Moshi wa kwanza wa kijiji kile ulitoka pale. Hazikupita dakika nyingi, mwanamke wa kiwanja cha mkabala akaja na kigae, akachuchumaa, akapiga makofi ya adabu kama ilivyo desturi kwetu, akaomba moto. Moto haunyimwi mtu. Mama mkwe akamkatia. Akaja wa pili, akaja wa tatu, mstari mzima ukaja. Hakumuuliza hata mmoja ametoka wapi au ni wa nani. Giza lilipotanda, kila kibanda kilikuwa na moto, na wote ulikuwa wa kwake. Nilijivunia yule mama siku ile. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza.

Yule mwanamke wa mkabala akawa rafiki yangu. Alikuwa mcheshi, mwepesi wa kucheka, na watoto wake walifanana naye. Tulikwenda mtoni pamoja na kupalilia pamoja shamba la kijiji, huku tukimsengenya msimamizi.

Mvua zilipokaribia kuisha, mtoto wake mmoja akapata homa, macho yakawa mekundu, kisha mwili ukatoka vipele. Baadaye mtoto wa nyumba ya pili. Baadaye wa nyumba ya tatu. Mganga wa zahanati, kijana aliyeletwa kutoka mkoa mwingine, alitembea nyumba kwa nyumba akisema ni surua, na kwamba imeenea kwa sababu tunakaa karibu karibu. Alieleza vizuri, hakudharau mtu. Mzee mmoja akamsikiliza mpaka mwisho, akamwambia kwa upole, "Daktari, surua tunaijua. Sisi tunauliza nani ameileta."

Siku chache baadaye nilisikia mtoni, kutoka kwa mwanamke aliyekuwa amenipa mgongo, kwamba ugonjwa unafuata njia ya moto. Ulianza mkabala, ambako moto uliombwa kwanza, ukaenda kwa aliyeomba wa pili, ukaenda kwa aliyeomba wa tatu. Nilimcheka kwa sauti. Lakini nilipokuwa narudi na mtungi kichwani nilijaribu kukumbuka jioni ile ya mvua, nani alitangulia, nani alifuata. Ikalingana. Hata leo sijui kama nilikumbuka mwenyewe au nilikumbushwa na yule mwanamke.

Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Hakuna aliyemtukana mama mkwe. Ingekuwa rahisi zaidi. Siku moja kulikuwa na pombe ya ndizi kwa mtu aliyemaliza kuezeka, na kama kawaida watu walikaa kuzunguka chungu, kila mmoja na mrija wake. Mama mkwe akaja, mimi nyuma yake, akasalimu, akaingiza mrija wake. Mmoja mmoja, bila haraka, wenzake wakatoa ya kwao. Hawakuondoka. Walikaa palepale wakizungumza habari za mihogo, mirija mikononi, na yeye akanywa peke yake kwenye chungu cha watu wengi. Alipomaliza aliaga vizuri. Njiani alitembea akiwa ameshika ukuta wa kila nyumba tuliyoipita, na sikuwa nimewahi kumwona akishika ukuta.

Wakaleta mfumu, mpiga ramli, kutoka upande wa Kasulu, mzee msafi mwenye koti, asiye na manyoya wala pembe. Hakutaja jina la mtu. Alisema tu kijiji kimewashwa na mkono mmoja, kwa hiyo lazima kizimwe chote, kisha moto mpya uletwe kutoka nje. Mwenyekiti wa kijiji alikohoa, akasema Serikali haitambui mambo hayo, lakini pia hakuna sheria inayomkataza mwananchi kuzima jiko lake.

Asubuhi ya kuzima, ukungu ulikuwa umelala bondeni hadi kwenye paa. Kila nyumba ilimwaga maji mafigani. Tulisikia nyumba kwa nyumba sauti ileile, mfyonzo mrefu, halafu kimya, halafu nyumba inayofuata. Ilikuwa inatujia. Mume wangu alisimama mlangoni akitazama vidole vya miguu yake, jambo alilolijua vizuri. Mama mkwe hakungoja kuambiwa. Alichukua kata, akamimina maji juu ya moto aliokuwa nao tangu usichana wake, akakoroga majivu kwa mkono mpaka pakawa uji mweusi. Kisha akakaa akitazama pale.

Kijiji kisicho na moshi sijakiona tena na sitaki kukiona. Jua lilitoka, ukungu ukapanda, na kwenye mapaa hakukuwa na chochote. Mbwa walizunguka wakinusa. Watu waliongea kwa kunong'ona. Mtoto mmoja aliuliza kwa sauti kama tumekufa, mama yake akamziba mdomo. Nilitamani hata ule moshi uliokuwa ukinitoa machozi kila siku.

Moto mpya ulikuja, kiberiti kikavu kutoka mjini. Na mtoto wa rafiki yangu wa mkabala akafariki vilevile.

Baada ya mazishi mkutano ukaitishwa mbele ya ghala la kijiji. Mwenyekiti akaanza, "Ndugu wananchi, nasema tena Serikali haitambui uchawi. Lakini malalamiko ya wananchi inayatambua." Walitaka mama mkwe aondoke. Aende wapi, hakuna aliyesema. Kilima chake cha zamani kilikuwa kimekatazwa, na kijiji chochote kingeuliza kwa nini ametoka kwao. Nilijua, na kila mtu alijua, kwamba mjane anayeondoka namna ile hukutwa baadaye kando ya njia, na hakuna anayeulizwa. Yeye alikaa chini, miguu ameinyoosha, kama amekuja kusikiliza habari za mtu mwingine.

Wakamgeukia mume wangu. Akasema, "Ni mama yangu," akainamia vidole vya miguu yake. Wakanigeukia mimi. Mzee yuleyule aliyemsikiliza daktari akasema, "Wewe mkamwana ndiye unayeshinda naye. Tunajua hampatani. Sema unachokijua, usiogope."

Kweli hatukupatana. Neno moja kutoka kwangu lingetosha, na walikuwa wamelitengenezea mahali pa kukaa. Mwanangu alikuwa mgongoni, anachoma kama jiwe la jikoni. Vipele vilikuwa vimetoka jana yake. Nilikuwa na hofu, sijalala, na nilikuwa na hasira na wote: na mzee, na mwenyekiti, na mume wangu na vidole vyake. Hasira ndiyo iliyosimama.

"Si mnataka mchawi?" nikasema. "Wahenga walisema mchawi mpe mwana amlee. Haya!"

Nikafungua mbeleko, nikamtoa mtoto, nikamlaza mapajani mwa mama mkwe. Yeye alinitazama kwa mara ya kwanza kama mtu anayeniona.

"Unafanya nini, mpumbavu wewe?" akaninong'oneza. "Akifa je?"

Nilikuwa nimeweka rehani kile nilichokipenda kuliko vyote kwa ajili ya mtu nisiyempenda, na maneno yalikuwa yameshatoka. Wakakubaliana wangoje. Mtoto akifa, bibi ataondoka siku hiyohiyo. Walisema "ataondoka," wakatazama pembeni.

Siku zile sitaki kuzikumbuka, lakini zinakuja zenyewe. Alimshika mtoto mchana kutwa, kifuani, chini ya kitambaa chake. Hakula. Alimpa maji kwa kidole, tone kwa tone, akimwimbia kwa Kiha wimbo usio na maneno ninayoyajua. Alinipa mtoto wa kunyonyesha tu, kisha akanyoosha mikono arudishiwe. Mtoto alikuwa akikoroma, macho yamegandana. Rafiki yangu wa mkabala alikaa mlangoni kwake, akitutazama. Wakati mwingine nilimchukia mama mkwe kuliko siku zote, na wakati mwingine nilitamani anishike na mimi.

Halafu homa ikashuka. Vipele vikakauka, vikabanduka, mtoto akafungua macho akalilia uji. Nililia kwa furaha mpaka nikasahau adabu. Nilitoka nje mbio naye mikononi, nikavuka uwanja hadi kwa rafiki yangu. "Tazama!" nikamwambia. "Amepona mikononi mwake! Umeona sasa?"

Alimgusa mtoto paji la uso. Akatikisa kichwa taratibu, macho yamemjaa machozi.

"Nimeona," akasema. "Kumbe anaweza kuwaachilia."

Angekufa, ni yeye amemuua. Amepona, basi ni yeye aliyekuwa amemshika. Nilikuwa nimemtafutia wokovu, nikampelekea ushahidi.

Asubuhi yake nilifungua mlango nikakuta wanawake wamekaa nje, mstari wa kimya, kila mmoja na mtoto mgonjwa. Walikuwa na mayai, unga, ndizi. Walipiga makofi ya adabu, polepole, kwa pamoja.

"Mwakeye, mama," wakasalimu. "Tuachilie watoto."

Mama mkwe alisimama mlangoni akiwa ameshika mwimo. "Sina nilichoshika, wanangu."

"Tunajua, mama," akajibu mmoja kwa heshima kubwa. "Tuachilie tu."

Angefanya nini? Aliwapokea. Alimpakata kila mtoto kama alivyompakata wa kwangu. Wengi walipona, maana surua humaliza mwendo wake ikaondoka. Wengine walikufa. Kila aliyepona alimthibitisha, na kila aliyekufa alimthibitisha zaidi. Hakuna aliyezungumza tena habari ya kumfukuza. Walimlimia shamba. Walimpisha njiani, wakamsalimu kabla hajawasalimu, na wakishampita walitema mate chini kwa siri. Mwenyekiti alifurahi kwamba amani imerudi kijijini.

Mimi na yeye tukawa marafiki wakati huo, kama kilichokuwepo chaweza kuitwa urafiki. Hakufunua tena vyungu vyangu. Tulikula sahani moja. Siku moja, tukiwa tunapembua maharage, akasema bila kuinua macho, "Mkamwana, huenda ni mimi."

"Wewe nini, mama?"

"Huenda hufanya nikiwa nimelala. Watu wote hawa hawawezi kuwa wamekosea. Na moto ulikuwa wangu."

Nilimkaripia. Nilimwambia asinitie wazimu. Akaniacha nimalize, kisha akaniomba kitu kimoja: kwamba mchana ule angejinyoosha kidogo, nami nikae karibu nimwangalie, nione kama anatoka mwilini.

Nilikaa. Alilala chali kwenye mkeka, jua la adhuhuri likiingia kwa nyufa za ukuta. Sijawahi kumtazama mtu namna ile. Nilitazama kifua kikipanda na kushuka, nzi akitembea kwenye nyusi zake, mdomo umefunguka kidogo. Kila pumzi iliyochelewa ilinishtua. Naapa sikuondoa macho, wala sikusinzia. Na akiwa bado amelala hivyo, hatua chache kutoka kwangu, mwanamke akapiga yowe upande wa mwisho wa mstari, yowe lile ambalo wakati huo tulilijua wote. Mtoto mwingine amefariki.

Mama mkwe akafumbua macho.

"Nilitoka?"

"Hukutoka, mama. Nilikuwa hapa. Nilikuwa nakutazama tu."

"Umeona kwa macho yako?"

"Kwa macho yangu haya."

Aliinuka taratibu, akajitengeneza kitambaa cha kichwa. "Ungeonaje, mwanangu," akasema, bila uchungu. "Wanaotoka hawaonekani."

Hapo nilielewa kwamba tumeshindwa. Watu ningeweza kupigana nao, mdomo ninao. Lakini yeye mwenyewe alikuwa amehamia upande wao, akaketi nao, akajitazama kutoka kule.

Mwezi huo alimwomba mwanawe amjengee kibanda chini kabisa, kupita nyumba ya mwisho, karibu na bwawa la matete. Hakuna aliyemwamuru. Mume wangu alijenga huku analia, na mimi nilimbembeleza mama mpaka sauti ikanikauka. Alihama na mkeka, kata na sufuria moja. Surua ilikwisha, ikasahaulika kama zinavyosahaulika njaa. Akina mama wakaacha kwenda kwake, isipokuwa mmoja mmoja.

Nilimpelekea chakula mwenyewe. Alikuja kukichukua nusu ya njia, akaniambia nikiweke chini kwanza, nisogee. Nilidhani ni uzee. Mwanangu alipojua kutembea nilimchukua siku moja ili akamwamkie bibi yake, maana hakuna mtu katika dunia hii aliyemshika mtoto yule kuliko yeye. Mtoto alimtambua kutoka mbali. Aliniponyoka, akakimbia kwa vile vimiguu vyake, mikono juu, anacheka.

Mama mkwe akarudi nyuma. Akaficha mikono mgongoni. Mtoto akadhani ni mchezo, akazunguka kuitafuta. Bibi akageuka, mtoto akazunguka tena, bibi akageuka tena, wakazunguka hivyo kwenye nyasi mmoja akicheka na mwingine uso umemlowa. Mwishowe bibi akaketi chini, akaikalia mikono yake yote miwili, na mtoto akamrukia shingoni.

"Mchukue mwanao, mkamwana," akasema. "Mchukue kabla sijamshika."

Nikamchukua. Alilia njia nzima mpaka nyumbani.